Ndimu za Kupandia Lushoto

Ndugu zangu, tangu turudi kutoka kwa wakwe zangu Lushoto, hapa Gongo la Mboto sikuwa na stori nyingine. Kila jioni kibarazani niliwapandisha majirani ule mlima wa Lushoto kwa maneno, mimi ndiye dereva: gia ndogo, honi kabla ya kona, upande huu mwamba, upande ule bonde tupu. Mke wangu alimimina chai, kimya. Nikadhani ananistahi.

Juzi jirani yetu, Mzee Likwata, akawa anapeleka posa ya mwanawe huko huko Lushoto. Asubuhi akaja na ufunguo wa gari lake la Noah, wazee wenzake wameshakaa ndani na kanzu zao.

"Baba Neema, tuendeshe wewe, roho zetu tumekukabidhi."

Uongo wangu sasa ulikuwa na abiria.

Mke wangu akatoka na mkoba, akauchukua ule ufunguo taratibu.

"Baba Neema, nipe mie niendeshe, kama siku ile. Wewe kaa nyuma. Ndimu zako za kunusa hizi hapa, na kanga ya kujifunika uso kwenye kona nimekuwekea."

Ndani ya gari wazee wakasogea kunipisha kiti cha nyuma. Nikaipokea kanga. Ilikuwa imeshapigwa pasi.