Baba Hajambo

Nilikwenda Songea na miche sita ya sabuni. Nyumbani Nakuru, kila aliyewahi kusikia habari za Tanzania alinihakikishia kwamba huko sabuni haipatikani, wala sukari, wala dawa ya meno, nami nikaamini, maana Mkenya wa rika langu alilelewa kuamini mabaya yote ya jirani. Nikafika mtaani kwangu Mfaranyaki nikakuta maduka yamejaa sabuni mpaka barazani, za kila rangi, nyingine zimetoka Kenya kwetu. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na hayo ndiyo niliyotumwa kuyasoma. Chuo changu kilikuwa kimepatana na chuo kimoja cha pale kinipokee kwa muhula mmoja. Siku tatu kwa wiki nilikaa darasani, siku nyingine nilikwenda vijijini kuwauliza wakulima wanaendeleaje tangu mahindi yao yaanze kununuliwa na matajiri wenye malori badala ya ushirika.

Baba ndiye aliyenisindikiza stendi. Alikuwa mlinzi wa maghala, mtu wa maneno machache, na siku ile alisema kwamba dereva mmoja amemweleza kuwa kule kusini, ikifika Juni, kuna baridi. Akavua sweta lake la kahawia akanipa. Nikamwambia linanifika magotini. Akasema magoti nayo husikia baridi.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja aliyeuza vitenge sokoni. Alinifundisha kuamkia wakubwa shikamoo, jambo ambalo sisi Wakenya wa mjini tulikuwa tumelitupa, kisha akaniacha na maisha yangu. Nami maisha yangu niliyajua: kusoma, kupika ugali wa mtu mmoja kwenye jiko la mafuta ya taa, kulala. Jioni nilisikia majirani wakicheka uani kwao kwa Kingoni nisichokielewa, nikajiambia sikuja Songea kucheka. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa na kiburi, na sikujua kwamba hivyo viwili hulishana.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa fundi baiskeli, mzee mwembamba mwenye mikono myeusi kwa grisi. Kila asubuhi nilimkuta kibarazani, baiskeli imepinduliwa miguu juu, naye anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Karibu, mwanangu." Nami nikajibu, "Asante mzee, nina haraka."

Si kila siku nilikuwa na haraka. Nilijua tu kwamba nikikaribia nitapewa kigoda, na baada ya kigoda uji, na baada ya uji nitaulizwa habari za kwetu mpaka mbuzi wa kwetu. Kwa hiyo nilipita. Lakini nitasema ukweli: siku nyingi ile ndiyo sauti pekee iliyoniita kwa wema tangu asubuhi hadi jioni, nami niliingoja tangu ninapofunga mlango.

Mwishoni mwa Mei nilipita asubuhi nikakuta kibaraza kimejaa wanaume kwenye mabenchi, wamenyamaza. Wanawake walikuwa wakiingia uani na kuni kichwani, wengine wameshika unga kwenye mabakuli. Baiskeli mbili zilikuwa zimeegemezwa ukutani, moja haina gurudumu. Nilielewa palepale. Nilikuwa nimeahidiwa lifti ya pikapu hadi Mpitimbi, kuna wakulima wananisubiri, na mkononi nilikuwa na madaftari. Nikainamisha kichwa nikaongeza mwendo. Jioni nilirudi kwa njia ya nyuma.

"Umeshapita msibani?" mama mwenye nyumba aliniuliza.

"Mama, mimi yule mzee hata jina lake silijui."

"Jina," akasema. "Yeye lako alikuwa analijua?" Akaingia ndani.

Hakuna aliyenigombeza. Ningegombezwa ningejua la kujibu, mdomo ninao. Salamu zangu ziliitikiwa kama kawaida, marahaba, salama, nzuri. Kilichokatika ni lile neno la baada ya salamu. Hakuna aliyesema tena karibu, na Juni ikaingia na baridi yake, nikatembea Mfaranyaki nzima ndani ya sweta la baba.

Barua ya kaka yangu ilifika Julai, kwenye sanduku la chuo. Ilikuwa imetembea wiki tatu. Nilidhani ni habari za kawaida, nikaifungua nikiwa nimesimama pale pale ofisini. Baba aliugua siku mbili tu, aliandika. Tulimzika Jumamosi. Tulijua huwezi kuwahi, na yeye mwenyewe alisema usikatishwe masomo, basi maliza kwanza ndipo uje.

Niliikunja nikamshukuru karani. Nikiwa njiani nilihesabu siku nikaikuta Jumamosi yenyewe. Nilikuwa Mpitimbi siku hiyo. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia tukila mahindi ya kuchoma, mkulima mmoja akimwigiza tajiri wa lori anavyopima kwa ujanja, nami nilicheka hadi nikapaliwa. Wakati huo huo huenda walikuwa wanamteremsha.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kuta za nyumba yetu hazikufika darini, kikohozi cha chumba kimoja kilisikika chumba cha pili, kwa hiyo nilingoja mama mwenye nyumba aende sokoni ndipo nilie. Alipokaribia kurudi nilinawa uso. Wahenga walisema msiba wa wengi harusi. Wangu ulikuwa wa mtu mmoja, na sikuona ninavyoweza kuwaomba machozi watu ambao msiba wao niliupita nikikimbilia pikapu. Nilikwenda darasani nikaandika notsi, na mwalimu akasifu mwandiko.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, nilikuwa nikitoka dukani na mafuta ya taa. Mjane wa fundi alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, kibarazani pale pale, anachagua maharage kwenye ungo. Ile baiskeli isiyo na gurudumu ilikuwa bado ukutani, mwenyewe hajaifuata. Sikupanga. Miguu iligeuka yenyewe.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kukupa pole," nikasema. "Nimechelewa, mama. Nisamehe, nime…"

Sikumaliza. Kilio kilinitoka kwa sauti nisiyoijua, kile nilichokibana wiki nzima nikiwa na mto mdomoni. Chupa ya mafuta ikanidondoka. Yule mama akausogeza ungo, akanivuta mkono akanikalisha, akakilaza kichwa changu begani kwake akawa ananipigapiga mgongo.

"Basi, mwanangu, basi. Kumbe ulimpenda hivi?"

Nililia zaidi.

"Alikuwa anakusema sana," akaendelea. "Anasema, yule mtoto wa Kenya anatembea kama ameacha chungu jikoni. Siku atakayokaa, anasema, nitamuuliza kwao wanapika nini." Akacheka kidogo, kisha naye akalia, taratibu, bila kuniachia. "Waliokuja siku ile walilia, wakala, wakaondoka. Ndiyo desturi, siwalaumu. Lakini sasa ni mwezi na zaidi, hakuna anayemlilia tena ila mimi. Mungu amekuleta."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nililiona neno lilipo, nikafungua mdomo. Lakini ningesemaje? Kwamba machozi haya si ya mumeo, ni ya mtu mwingine, wa kwako nilimpita? Nikapangusa uso kwa mkono wa sweta.

Tulipotulia alilishika sweta langu kwenye mkono, akalipima kwa vidole. "Hili la nani, kubwa hivi?"

"La baba."

"Amekuvisha vizuri. Hajambo lakini?"

"Hajambo," nikasema.

Lilinitoka kabla sijafikiri. Swali lile kwetu sote lina jibu moja, hata mgonjwa aliyelala chali hulijibu hivyo hivyo. Lakini likishatoka halirudi.

"Umsalimie sana," akasema. "Mwambie asante."

Nilimsaidia kuchagua maharage mpaka jua likaegemea upande wa pili. Kuanzia hapo nilikwenda kila Jumamosi. Nilikula kwake, nilikunywa ule uji niliokuwa nikiukimbia, nikajua majina ya wajukuu na ya mbuzi. Majirani walituona, na lile neno likarudi: nikipita, karibu. Mama mwenye nyumba akaanza kunibakizia mboga. Mtu angeniona angesema mgeni huyu sasa amepata kwao. Lakini mimi sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwenye ule mkeka, napewa pole kwa mikono miwili, kwa msiba ambao si huo.

Kila nilipoondoka alinituma salamu kwa baba. Jumamosi ya tatu akauliza kama baba amejibu.

"Amejibu, mama. Anakusalimia sana."

"Anasemaje?"

"Anasema pole kwa msiba."

Alifurahi. Nami nilirudi chumbani nikiona haya, na huku, Mungu anisamehe, nimefarijika, maana kwa dakika ile baba alikuwa hai mahali fulani, anatuma salamu.

Muhula ulikwisha Agosti. Asubuhi ya safari mjane alikuja stendi kwa miguu, amebeba mfuko wa kitambaa ulioshonwa mdomo. Ni maharage, akasema, yale yale tuliyochagua. "Mpe baba mkononi mwake. Mwambie yametoka kwa mke wa fundi baiskeli." Niliahidi. Basi lilipoondoka alikuwa bado amesimama, kiganja juu ya macho.

Nakuru nilionyeshwa kaburi. Udongo ulikuwa umeshashuka, majani yameanza kuota pembeni. Nilikuwa nimefika na mfuko, na nilisimama nao mkononi muda mrefu kwa sababu niliambiwa nimpe mkononi mwake. Kisha niliufungua nikachota konzi moja, nikazifukia mbegu kwenye udongo laini, upande wa kichwani. Yaliyobaki niliyapika jikoni kwetu, nikawapakulia ndugu zangu wote.

"Matamu haya," kaka yangu akasema. "Ya wapi?"

"Songea. Ya baba. Ameletewa na rafiki yake."

Akaacha kula. "Baba alikuwa na rafiki Songea tangu lini?"

Nilikuwa bado nimevaa sweta. Niliikunja mikono yake mirefu, nikamwongezea kaka maharage.

"Tangu Julai," nikasema. "Ni fundi baiskeli."