Siku Nilipomtuma Mejumaa

Nichekeni, lakini mkimaliza kucheka mnitazame vizuri, maana mpumbavu ninayetaka kuwasimulia ndiye huyuhuyu aliyekaa mbele yenu, na aibu yake niliibeba Msambweni mwaka mzima, hata nikiingia msikitini wenzangu walikuwa wakiniuliza kama nimeaga nyumbani na kama inajulikana niko wapi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa nimemaliza masomo Mombasa, nangojea kazi ya ofisini (kazi yenyewe ilikuwa inanikimbia), nikawa nakaa kwa shangazi yangu Mwanakombo, muuza bajia, huku nimevaa tai kila siku katika joto lile kana kwamba kuna waziri atapita uani kwetu. Skuli yetu haikuwa na walimu wa kutosha, basi mwalimu mkuu, Mwalimu Hamisi, akatuomba vijana wanne tuliosoma tujitolee kuwasaidia watoto masomo yao ya alasiri. Nilikubali upesi. Si kwa kuwapenda watoto, tusidanganyane. Nilipenda kuitwa mwalimu.

Kabla hatujaanza, Mwalimu Hamisi akaandika kanuni kwa mkono wake. Mlezi asijifungie chumbani na mtoto. Asimpige. Asimpe zawadi za kificho wala asimwambie aweke siri. Asimtume nje ya skuli kwa shughuli zake mwenyewe. Na kila saa ijulikane mtoto yuko wapi na yuko na nani. Mimi nilizisoma nikacheka kwa dharau. "Mzungu ameondoka juzi tu," niliwaambia wenzangu, "na huyu mzee keshatutungia amri zake. Mtu mzima aandikiwe karatasi ya kumfundisha kukaa na watoto?" Wenzangu wakacheka pia (msidhani mjinga nilikuwa peke yangu, tulikuwa wanne).

Sasa ukapangwa mkutano wa wazazi, wasomewe zile kanuni mbele ya afisa wa elimu kutoka Kwale, na nani atazisoma? Mimi, mwenye sauti na tai. Tena nikamwomba Mwalimu Hamisi ile karatasi nikainakili kwa mwandiko mzuri zaidi, maana wake niliuona kama wa mtu aliyeandika huku anakimbia. Nikaipeleka nyumbani, nikaiweka juu ya kigoda jikoni, na kuinakili sikuinakili.

Jumamosi ile asubuhi watu wakajaa, kina mama mbele na leso zao, afisa amekalia kiti pekee chenye mikono. Nikajipapasa mfukoni. Hamna kitu! Hapo ningemwendea Mwalimu Hamisi nikamwambia, "Nimesahau, mzee wangu," na mkasa ungeishia palepale. Lakini bwana mkubwa kama mimi atasemaje kuwa amesahau? Nikazunguka nyuma ya darasa, nikamkuta Mejumaa, mtoto wa miaka tisa, binti wa Bi Nimwaka, anajaza maji mtungini.

"Mejumaa, kimbia nyumbani kwa shangazi yangu. Jikoni, juu ya kigoda, kuna karatasi. Niletee."

"Mwalimu Hamisi amesema tusitoke uwanjani."

"Na mimi je, si mwalimu? Nenda, na usimwambie mtu."

Akaenda. Nyumba ya shangazi ilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, ile inayopita malori ya miwa, na wala hilo halikunipitia akilini. Nilichokuwa nikifikiria ni sauti yangu.

Nikaitwa. Mtoto hajarudi. Basi nikaanza kuvuta muda: nikamshukuru Mwenyezi Mungu, nikaishukuru serikali, nikamshukuru afisa, nikamshukuru mke wa afisa (ambaye sijapata kumwona mpaka leo), na shukrani zilipokwisha nikaona nizisome kanuni kwa kichwa, nikapaza sauti: "Ndugu wazazi, katika skuli hii hakuna hata dakika moja ambayo hatujui mtoto yuko wapi!"

Wakapiga makofi. Bi Nimwaka, aliyekuwa akiwatazama watoto safu kwa safu, akainua mkono.

"Ahsante, mwalimu. Wangu yuko wapi?"

"Yupo," nikasema.

"Yupo wapi?"

"Hapahapa. Labda amekwenda chooni."

Mama wawili wakaenda kuangalia, wakarudi wakitikisa vichwa. Afisa akajiinua kitini. Nami nikiwa bado natafuta uwongo wa pili, tukasikia honi ndefu barabarani, breki, halafu kelele za watu.

Bi Nimwaka hakungoja. Alitoka mbio, leso moja ikamdondoka, na mkutano mzima ukamfuata, na mimi nyuma yao, nikiomba dua ambazo sikuwa nimeziomba tangu nitoke chuo cha Kurani. Lori la miwa limesimama upande upande, watu wamelizunguka. Tukapenya. Alikuwa mbuzi. Mwenye mbuzi na dereva wanashikana mashati, na mimi nusura nimkumbatie yule mbuzi aliyekufa.

"Mwanangu yuko wapi?" Bi Nimwaka akanigeukia mimi sasa.

"Nilimtuma."

"Wapi?"

"Nyumbani kwetu."

"Kufanya nini?"

Nikatangulia njia, tukaenda kwa shangazi, jeshi zima, tukamkuta yuko kwenye karai lake, nikamwuliza mtoto na karatasi. "Karatasi ile?" akasema. "Nimemfungia bajia mzee mmoja, muuza kamba wa sokoni. Mtoto kulia akalia, anasema mwalimu atamkasirikia, nikageuka kupakua, kumbe ametoka mbio kumfuata."

Wanaume wakatawanyika kuelekea sokoni, lakini hawakufika mbali, kwani Mejumaa alikuwa anarudi mwenyewe, vumbi mpaka magotini, karatasi mkononi inachuruzika mafuta, na nyuma yake mzee amekinga viganja viwili vimejaa bajia, anapiga kelele, "Huyu mtoto wa nani? Kanipokonya karatasi yangu!"

Mama yake alimbana kifuani mpaka nikadhani atamkosesha pumzi. Afisa akachutama mbele yake, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, ulikuwa wapi?"

Mejumaa akanitazama mimi. Akaziba mdomo kwa mkono. Halafu akasema, "Mwalimu alisema nisimwambie mtu."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Niliona kina baba wakinitazama kwa jicho ambalo silitakii mtu yeyote, na haki yao, kwani wangejuaje kama siri yenyewe ilikuwa ya karatasi tu? Mwalimu Hamisi akaichukua ile karatasi, akaifungua, akanipa. "Soma," akasema. Nikasoma, palepale barabarani, kila kanuni. Nilipomaliza akaniambia nisikanyage tena darasani kwake.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri nikaenda nyumbani kwa Bi Nimwaka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Nikaomba radhi, tena kwa maneno marefu, sikuwa nimekoma. Akanikatiza. "Aliyetumwa si mimi. Mwambie yeye."

Akamwita Mejumaa, naye mtoto akaketi mkekani mkabala nami. Maneno marefu yakanipotea. Nikamwambia, "Nilikosea. Mtu mzima akikwambia usimwambie mtu, siku hiyohiyo mwambie mama yako."

"Hata ukiwa wewe?"

"Mimi kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kucheza. Mimi tangu siku ile mtoto wa mtu simtumi hata kiberiti. Nikikitaka, nakwenda dukani mwenyewe, na nikisahau kitu mbele za watu nasema nimesahau, tena kwa sauti ileile niliyomshukuru nayo mke wa afisa.