Alteneta ya Baba Kulwa

Nasimulia hili nikiwa nimeinamisha uso, maana hata leo nikisikia trekta linaunguruma nabadili njia.

Asubuhi ile niliondoka Shinyanga mjini bila mpango, nikadandia lori la kwanza lililosimama, likanishusha kijiji kimoja kabla ya Mhunze. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na watu wamelizunguka trekta kuukuu la Baba Kulwa, kila mmoja akingoja zamu yake ya kulimiwa. Dainamo ya kuchaji betri ilikuwa imekufa, mzee kanunua alteneta iliyotumika iwekwe mahali pake, na fundi wake hajafika.

"Shikamoo mzee. Nimefunga nyaya machimboni Geita miaka miwili," nikasema. (Aliyefunga ni fundi, mimi nilimshikia tochi.)

"Marahaba. Haya, inama."

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Mama Limi, mjane ambaye maksai wake walikufa kiangazi. Kule mbegu humwagwa kwanza juu ya ardhi, kisha trekta linapita kulima na kuzifukia. Akaniuliza, "Nimwage, au nisubiri? Huu mtama ndio wote nilio nao."

"Mwaga, mama. Ukimaliza tumeshawasha."

Kauli hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kwenye betri nikakuta waya wa chanya umefungwa kwenye bodi la trekta, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Lilizaliwa hivyo," akasema Baba Kulwa. "Fundi alitaja kitu cha kugeuza ukiweka mashine mpya, ila sikukishika. Nimpigie?"

Ningesema ndiyo. Lakini kijiji kizima kilikuwa kinanitazama, na Mama Limi alishaanza kurusha mtama, nikajibu, "Acha kama lilivyo, mzee."

Nikafunga waya mnene wa alteneta, nikarudisha betri kama nilivyoikuta, na kabla sijainua kichwa waya ukawa mwekundu, plastiki ikatiririka, moshi ukanifunika, nikaung'oa kwa mkono mtupu (kovu bado lipo).

"Fundi," mtu akauliza, "linalima au linapika?"

Kicheko kikakatika chenyewe, maana njiwa walikuwa wameshatua shambani, na kuku wa majirani nyuma yao. Mama Limi alikuwa anawapungia khanga, wanaruka upande huu, wanatua ule. Tukachukua majembe ya mkono, lakini tulichofukia hakikufika hata robo.

Mchana fundi akafika, akaitazama betri mara moja tu. "Ilitakiwa igeuzwe kwanza, alteneta hutaka hasi ndiyo ikae kwenye bodi. Kazi ya dakika mbili."

Mama Limi hakunitukana. Alisema, "Kapumzike, mwanangu, mkono umeungua," na hilo ndilo lililonifukuza kijijini.

Jioni nilikuwa Ushirombo, gesti ya kwanza niliyoiona. Kwenye kitabu cha wageni, mahali pa kazi, miaka yote nimeandika fundi. Nikapaacha wazi.

"Kaka, hujajaza kazi," akasema dada wa mapokezi.

"Sina."

Akanipa ufunguo. "Taa ya chumba chako ina shida kidogo, waya umelegea tu. Huwezi kuushikiza?"

"Hapana, dada," nikasema. "Nitalala gizani."