Barafu, Presha na Jina la Mama

Siku ya kwanza kazini, Sista Mkuu wa zahanati yetu pale Voi hakuniuliza cheti, na bora hakuuliza, maana shule niliachia darasa la tatu. Aliniuliza, "Nyambu fundi viatu ni mtoto wa nani?" Nikamtajia baba, mama, nyanya wa pande zote mbili, na shangazi aliyeolewa Taveta. Akacheka, akanipa koti jeupe lililonifika karibu na visigino. "Wewe ndiye tuliyekuwa tunamtafuta, mtu anayejua koo za watu."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Daktari wetu, kijana aliyesomea ng'ambo, alitaka kujua kwa nini moyo wa mtoto mmoja ukishtuliwa unakimbia halafu unatulia, na wa mwingine unakimbia na kukataa kutulia. "Sisi watu weusi, wengine presha inatushika mapema," aliniambia. "Tunairithi kwa wazazi, ama ni maisha? Tukiwajua wakiwa wadogo tutawachunga." Nikaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Mimi nilidhani presha ni ya matajiri.

Wajukuu, presha ya siku hizo ilipimwa kwa zebaki. Unafunga kitambaa mkononi, unakijaza hewa kwa kubonyeza mpira, na zebaki inapanda ndani ya kioo. Namba ya juu ni moyo ukisukuma, ya chini ni moyo ukipumzika. Tukishapima, mtoto anatia mkono ndani ya ndoo ya maji ya barafu kwa dakika moja, tunapima tena. Barafu ilitoka hoteli ya karibu na stesheni, imefukiwa kwenye maranda ya mbao isiyeyuke. Halafu tunampima mamake, majina yao yanaandikwa karatasi moja.

Tulianzia Mbololo. Mtoto mmoja wa juu milimani alitia mkono akatabasamu. "Daktari, haya ndiyo maji tunaogea asubuhi." Zebaki haikutikisika. Daktari akabaki anakuna kidevu.

Maungu tulipata shida nyingine. Lori likipiga honi barabarani, zebaki inaruka kabla hata ndoo haijaletwa. Na nikiuliza mtoto, "Mama yako nani?" ananitajia watatu: aliyemzaa, na dada za huyo, mkubwa na mdogo.

"Huyu ana mama watatu?" Daktari akafoka.

"Ana bahati, Daktari."

"Mimi nataka mmoja! Wa damu!"

Basi tukafika Miasenyi. Hapo ndipo akili yangu ilipotiwa fundo ambalo halijafunguka.

Alikuja msichana wa miaka kumi na mitatu, Mkamburi, ameletwa na Wakesho, mwanamke aliyemwita mama. Mkono ulipoingia ndani ya barafu zebaki ilipanda, na mkono ulipotoka ikabaki huko huko juu. Tukangoja. Haikushuka. Wakesho naye akapimwa, ametulia kama maji ya mtungini.

"Mama mzima kabisa," Daktari akasema. "Basi mtoto aliogopa tu. Huyu ni damu yake?"

Mimi nilijua. Aliyemzaa Mkamburi ni Mghoi, dadake Wakesho, aliyelalamika kichwa siku tatu akaanguka shambani na jembe mkononi, mtoto angali ananyonya. Wakesho akamchukua. Mkamburi mwenyewe hakuwahi kuambiwa.

Wakesho akanigeukia, akasema taratibu kwa lugha yetu ya Kidawida, Daktari asielewe, "Mama Mwadime, usinivunjie nyumba. Nimemnyonyesha mimi."

Mkamburi alikuwa amesimama mlangoni, mbali kidogo asisikie, anafuta mkono kwa gauni.

"Ndiyo, Daktari," nikajibu. "Ni damu yake."

Nilisema uongo? Mtoto wa dada si damu? Kwetu ni damu. Daktari akaandika, akapiga mstari. Mkamburi hakuwekwa kati ya wale wa kurudi kila mwaka kupimwa. Mdomo wangu ndio uliomtoa.

Miaka ikapita, utafiti ukaisha, mimi nikahamishiwa wodi ya wazazi kama msaidizi. Asubuhi moja akaletwa Mkamburi, mimba ya kwanza, miguu imevimba, anasema anaona nyota. Sista wa Zamu akamuuliza, "Kwenu kuna presha?"

"Hakuna. Mama ni mzima kama chuma."

Sista akaanza kuandika. Nikaweka beseni chini.

"Sista, iko. Mamake mzazi alikufa kwa kichwa, akaanguka. Aliitwa Mghoi."

Mkamburi akaniangalia. "Mghoi ni nani?"

Sista alikuwa ameshapiga kelele aitwe daktari wa wodi. Walimhangaikia mpaka jua likawa utosini. Mtoto alitoka akilia. Mkamburi alipona.

Alasiri Wakesho akafika mbio, ameshaambiwa nilichosema. Hakunitukana. Alishika ukuta, akakaa sakafuni. Sista akamfunga kitambaa, na zebaki ikapanda mpaka mahali ambapo ile ya Mkamburi ilisimama Miasenyi. Mwanamke yule yule aliyekuwa maji ya mtungini!

"Huyu ni nani wa mgonjwa?" Sista akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya Mkamburi ikatoka kitandani, dhaifu lakini kali: "Usimuulize huyo. Ni mama yangu."

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa kilima. Karatasi zetu zilipelekwa Nairobi, na jibu lake sikuwahi kulisikia. Nyinyi mliosoma mnaniambia iko kwenye damu, wengine mnasema ni mawazo. Mimi sijui. Presha ya Mkamburi ilitoka kwa Mghoi, ambaye hata sura yake hakuijua. Na ile ya Wakesho ilitoka kwa Mkamburi, ambaye hakumzaa. Niambieni hiyo ya pili ningeiandika wapi kwenye karatasi ya Daktari.