Mpini Mpya wa Kisu cha Kukhu

Mbao inayotobolewa kwa chuma cha moto ina harufu yake, kali na tamu kidogo, isiyofanana na harufu ya kuni za jikoni. Niliisikia tena mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, nilipopita sokoni Busia kutafuta jembe. Fundi mmoja alikuwa akikitia kisu mpini mpya. Nilisimama pale hadi akaniuliza, "Mama, nawe una kisu cha kutengeneza?" Nilimjibu kwamba nilikwisha kutengenezewa kimoja, na kwamba kilinitosha.

Nilipotengenezewa kisu hicho nilikuwa na umri wa miaka kumi. Tuliishi Lunyo, na nilikuwa bado sijaingia shule. Ningeingia miaka mitatu baadaye, nikiwa mrefu kuliko watoto wote wa darasa la kwanza. Mniwie radhi nikitaja siku na miezi kwa ukaidi. Mtu aliyechelewa kujifunza kusoma kalenda haichezei.

Kukhu, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba, alikuwa na kisu kidogo cha kukatia wimbi, yaani ulezi, alichopewa na mama yake siku alipoolewa. Chuma chake kilikuwa na urefu wa kidole cha kati. Mpini ulikuwa wa mkwaju, mweusi kwa jasho la miaka mingi, na upande mmoja ulikuwa na bonde dogo lililochimbwa na gumba lake mwenyewe. Siku zile wimbi halikufyekwa. Lilikatwa suke moja moja, wanawake wakisonga mbele kwa mstari, kila mmoja na kikapu chake. Katika boma letu palikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeijadili: mwanamke mkubwa kwa umri kati ya waliosimama katika mstari ndiye aliyefungua ghala na kupima nafaka ya kila jiko. Akiacha kukata, ghala lilipita kwa anayemfuata. Aliyemfuata Kukhu alikuwa mama yangu.

Mwaka huo mpini ulipasuka. Baba aliufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, lakini ufa uliendelea kumbana Kukhu kiganja, na kila jioni nilimwona akiosha damu kwa maji ya chumvi. Mama alimwambia mara mbili kwamba mpini mpya ungemfaa.

"Huo usiguswe," Kukhu alijibu.

"Lakini Mama, unaning'inia kama jino la mzee!"

"Na jino la mzee bado linatafuna. Liache."

Hakutoa sababu nyingine, nasi sote tuliamini kwamba ni ukaidi wa uzee. Mimi nilikiangalia kile kiganja na nikaamua peke yangu. Kama angeupata mpini mzuri bila kuulizwa, niliwaza, angefurahi kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko letu, wiki ya pili ya mwezi wa saba. Wimbi lilikuwa tayari, na ukataji ungeanza siku iliyofuata. Nilikichukua kisu kutoka kwenye paa, mahali alipokichomeka, pamoja na mayai manne ya kuku wangu, nikaenda kwa fundi aliyekuja sokoni kwetu kutoka upande wa Kenya na mivukuto yake. Alikishika kisu, akaacha gumba lake litumbukie katika lile bonde, akafumba macho, kisha akakigeuza taratibu.

"Nani amekutuma, mtoto?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako anaona vizuri?"

Swali hilo lilinikasirisha. Kukhu alikuwa akiwatambua wageni wakiwa bado njiani, kwa mwendo wao, na niliona fahari juu ya jambo hilo.

"Anaona kukushinda wewe," nilimwambia.

Alicheka sana hadi akaacha kuvuta mivukuto. "Haya, mama mkubwa. Nauliza kwa sababu aliyeushika mpini huu alikuwa akitafuta makali kwa gumba. Nikiutoa, siwezi kulirudisha bonde hili. Nitoe, nisitoe?"

Nilikumbuka damu ndani ya beseni. Nikasema atoe. Alikipasha moto kile kipande kinachoingia mpinini, akakisukuma ndani ya kipande cha mvule, na moshi ukapanda. Mpini mpya ulikuwa wa mviringo, laini pande zote. Niliona kuwa ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kupita mikononi mwangu.

Nilimpa Kukhu asubuhi ya Ijumaa, ukingoni mwa shamba, mbele ya wanawake wote, kwa sababu nilitaka nisifiwe hadharani. Alikigeuza kisu mkononi mara tatu, nne. "Kizuri," alisema, akaingia mstarini. Alipofika suke la tatu alijikata kidole.

Mama aliweka kikapu chini. "Mama, pumzika. Nitakukatia sehemu yako."

Wanawake wote waliacha kukata, wakamtazama Kukhu.

"Kisu kipya, mkono wa zamani," Kukhu alisema huku akikifunga kidole kwa jani. "Waacheni kwanza wasalimiane. Kesho nitakata."

Alitoka shambani akiwa ameshika bega langu, akitembea kwa madaha kama anayetoka kanisani. Nyumbani aliniagiza niweke msumari motoni. Alipapasa mgongo wa kisu kwa ukucha, akashuka polepole hadi kwenye mbao, akaweka kidole.

"Hapa. Choma tundu la kutosha ncha ya gumba."

"Ni urembo, Kukhu?"

"Ni urembo."

Jumamosi alikata vikapu viwili. Aliendelea kukata kwa misimu mitatu zaidi, na kupima nafaka kwa misimu hiyo yote.

Nilipomaliza darasa la pili nilimpelekea ripoti yangu ya shule. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa upande usio na maandishi, akausifu mwandiko wa mwalimu. Siku hiyo, Ijumaa ya mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, nilielewa habari ya macho yake.

Habari ya ukimya wake niliielewa nikiwa mjane. Matanga ya mume wangu yalipokwisha, shemeji zangu walinijia kwa upole. Walisema wangenilimia, mimi nikae tu. Hawakuwa na ubaya wowote. Hata hivyo nilijua kwamba nikikaa, mwaka ule ule wangeanza kuamua kipi kipandwe na kipi kiuzwe. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa shambani, nikilima huku goti limevimba, na sikumwambia mtu kuhusu goti.

Kwa miaka mingi niliwasimulia wanangu kwamba Kukhu alinisamehe papo hapo, bila hata neno moja la ukali. Sasa sisimulii hivyo. Angenikemea, ingebidi aseme mpini wa zamani ulikuwa na kazi gani, na mama alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Alichagua kulimeza kosa langu ili abaki na ghala lake. Kama baadaye alinisamehe, sijui. Sikuwahi kumwomba, kwa sababu nilikuwa bado nikisubiri anishukuru.