Aliponiuliza Jina la Baba

Leo mwenye hoteli ameniuliza baba yangu anaitwa nani, nikaacha pilau mezani.

Msinicheke. Ngojeni niwaambie.

Miaka ya themanini tulitumwa kaskazini, watu wanne wa kuchimba visima. Tukalala Isiolo tukingoja msafara wa asubuhi, maana kwa ajili ya majambazi wa njiani gari halikuruhusiwa kwenda peke yake.

Tulizunguka hoteli zote, jamani. Nyama ya ngamia, maini, chai ya maziwa yenye tangawizi.

Ya mwisho ilikuwa ya Mama Halima. Alituletea chapati, akaketi na sisi.

"Mnapita Ngaremara?"

"Ndio mama, kesho."

Akaanza kutuuliza mmoja mmoja: baba yako ni nani, na kwenu ni wapi. Polepole, akirudia kila jina.

Sisi tukafurahi. Mwenzetu Mutua hata akamtania, labda anamtafutia binti yake mchumba.

Hakucheka.

"Wasafiri wa juzi pia walikula hapa. Waliporudishwa wamefunikwa shuka, hatukujua tuwapeleke kwa nani."

Kisha akatuongezea chai.

Sasa niambieni, hiyo pilau ya leo nyinyi mngeimaliza?