Kutu Niliyoitafuta Bawani

Ilianza Jumamosi, saa tisa alasiri, nilipompelekea baba chakula kiwanja cha ndege. Baba alikuwa fundi huko, nasi tulikaa Ukonga, karibu hata chai ikawa inatikisika kikombeni ndege zikiruka.

Kesho yake ndege ndogo ya misheni ingemchukua dada yangu, akasomee uuguzi kusini. Mvua zilikuwa zimekata barabara. Tangu utoto tulilala kitanda kimoja. Shuleni sikuwa na rafiki, naona haya hata kuomba wino. Maneno yangu yote nilimwambia yeye, taa ikishazimwa.

Nilimkuta baba amelala chali chini ya bawa la ndege hiyo, anakagua vile vibawa vya nyuma vinavyoshushwa ndege inapotua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Weka chakula hapo, nishikie tochi. Wewe msomi, una macho."

Akanieleza kwamba kutu ya ndege si nyekundu kama ya ndoo. Ni unga mweupe, hujificha chini ya rangi, hasa penye bawaba, hewa ya bahari ikishapenya.

"Na ukiupata?"

"Haendi mtu. Inakaa hapa mpaka bati jipya lije."

Basi nikatafuta. Sijawahi kutafuta kitu namna ile. Karibu na bawaba ya mwisho nikaona rangi imevimba kama lengelenge.

"Baba! Hapa, hapa!"

Akaikwangua kwa ncha ya bisibisi. Mie nikaisogeza tochi karibu. Rangi ikabanduka, na chini yake bati likang'aa. Akaligonga kwa mpini: zima kabisa.

"Gonga tena, baba."

"Nigonge mpaka litoboke?" Akacheka. Kisha akanitazama, akaacha kucheka. Akaligonga bawa lote, polepole, sikio kalielekeza bawani. Mlio ulikuwa uleule kila mahali.

"Ni zima, mwanangu."

Akanipa brashi nipake rangi pale alipokwangua.

Asubuhi dada alinikumbatia, akaninong'oneza, "Usilie bwana, watu wanatuangalia."

"Silii."

Ndege ilipopita juu yetu nilikiona kiraka changu chini ya bawa, rangi yake mbichi bado, halafu sikukiona tena. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikatandika kitanda, mito yote miwili nikaiweka upande wangu, wa ukutani.